Saa inasema 158 nikipanda kilima: mwanamke wa miaka 47 mapigo yake yaishie wapi?

MAMA MITUMBA MWANJELWA

Wadau salaam. Nina swali la mazoezi, na naomba wanaojua wanijibu kabla ya wanaojua kubisha.

Mimi ni mama wa miaka 47, nauza mitumba pale Mwanjelwa, kazi ya kusimama mchana kutwa na jioni kukalia belo. Mwaka jana nilipimwa presha ikakutwa ukingoni, 138 kwa 88. Daktari akasema dawa bado, nipunguze chumvi, nipunguze mwili, nitembee. Nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu Isanga. Tunaanza saa kumi na mbili kasoro asubuhi, giza bado halijaisha, na baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe, mtu anavaa trakisuti juu ya trakisuti. Wengi tuliopo ni akina mama, wanaume ni wachache, kocha ni kijana mwenye maneno mengi ila mtu mzuri.

Shida ni hii. Binti yangu yuko Dar, kaniletea saa janja, ile inayowaka kijani kwa chini. Tukiwa tambarare inasoma 118, 121, hapo nahema kidogo lakini umbea na jirani tunapiga vizuri tu. Tukianza kile kipande cha kupanda kuelekea upande wa Loleza inaruka mpaka 155, 158, inatetemeka mkononi na kuandika kwa rangi nyekundu kama vile nakata roho. Mimi mwenyewe nasikia nimechoka, ndiyo. Kukata roho, hapana.

Nikamuuliza kocha. Yeye kwenye kundi la WhatsApp katuma hesabu moja kwa watu wote: 220 toa umri, hicho ndicho kilele cha mapigo ya moyo kwa dakika, halafu usizidi asilimia 85 ya hapo. Kwangu inakuja 173, na asilimia 85 yake ni 147. Kwa hiyo nimepitiliza. Shoga yangu wa kibanda cha jirani naye anasema hiyo hesabu ni ya wanaume, wanawake tuna yetu na namba yake ni ndogo zaidi. Sasa kama yetu ni ndogo zaidi, si ndiyo nimepitiliza maradufu?

Je, ni kweli wanawake tuna hesabu yetu? Na saa ikiandika nyekundu katikati ya kilima nisimame au nikaze? Halafu binti yangu akikimbia ufukweni Dar na saa kama yangu anasema haizidi 140. Ni ujana wake au ni huu mwinuko wa kwetu?

Tafadhali msiniambie nikanywe tangawizi na limao.


KOCHA MCHAKAMCHAKA

Dada, 220 toa umri inatumika dunia nzima, hata mashine za jimu zimebandikwa hivyo. Moyo hauna jinsia. Hizo habari za hesabu ya kike ni mambo ya mitandaoni. 158 kwa umri wako ni kubwa, punguza mwendo, basi. Mbona rahisi.


NESI MSTAAFU KIHESA

Mdogo wangu Mama Mitumba, pole na hongera kwa pamoja. Nimekaa kliniki ya presha miaka mingi, sasa nipo zangu Kihesa hapa Iringa nafuga kuku, kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Kocha, nikuanze wewe. Hiyo 220 toa umri usidhani ilitoka maabara kwa watu kupimwa mmoja mmoja mpaka ikapatikana. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani, akina Fox na Haskell, walikusanya tafiti zilizokuwepo wakati huo, wakaweka nukta kwenye karatasi, wakaona mstari unashuka kadiri umri unavyopanda. Walikuwa wanatoa makadirio, si kutunga sheria. Na kwenye tafiti za enzi hizo waliopimwa wengi walikuwa wanaume. Ilipendwa kwa sababu mtu yeyote anaifanya kichwani bila karatasi, ikaingia vitabuni, kisha mashine za jimu, na sasa imefika kundi lenu la WhatsApp.

Shoga yako wa kibanda cha jirani hajakosea. Kuna daktari wa moyo anaitwa Martha Gulati, yeye na wenzake kule Chicago walifuatilia wanawake 5,437 wasiokuwa na dalili za ugonjwa wa moyo. Waliwapima wakikimbia kwenye mashine kuanzia mwaka 1992, na majibu wakayachapisha 2010. Kikokotoo chao (si kile cha mafao ya kustaafu, kile sitaki hata kukisikia) ni hiki: 206, toa umri uliouzidisha kwa 0.88. Kwa miaka 47 unapata 41, ukitoa kwenye 206 inabaki 165. Kwa ile ya kocha ni 173. Tofauti mapigo manane.

Unaweza kusema manane ni nini. Hospitali yanaleta mambo. Mwanamke anapandishwa kwenye mashine kupimwa moyo, anatakiwa afike asilimia fulani ya namba iliyokadiriwa kwa wanaume, hafiki, anaandikiwa kwamba moyo wake haukupanda inavyotakiwa. Mzima wa afya anarudi nyumbani na wasiwasi. Hilo ndilo lililowasumbua akina Gulati.

Lakini nisimnyime kocha haki yake. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walipitia tafiti nyingi za wanaume na wanawake wakapata 208 toa umri mara 0.7, na wao hawakuona tofauti ya jinsia. Kwa hiyo wewe wa miaka 47 una 165 ya Gulati, 173 ya zamani, 175 ya Tanaka. Zote tatu ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini ya wastani kwa mapigo kumi na zaidi, na ni mzima kabisa. Nimeshaona wanawake wawili wa umri mmoja, mmoja anafika 180 anacheka, mwenzake 155 kamaliza. Ndiyo maana mimi namba naitumia kujua niko upande gani wa mji, siitumii kutafuta mlango wa nyumba.

Nikitumia ya Gulati, mazoezi ya kawaida kwako, yaani asilimia 50 hadi 70, ni mapigo 83 hadi 116. Mazoezi mazito, asilimia 70 hadi 85, ni 116 hadi 140. Na hapo ndipo maelezo yako yananichanganya. Ukiwa 158 kweli kweli, kwa umri wako, huenda usingekuwa na pumzi ya kuiangalia saa na kukasirika. Ungekuwa umeshika magoti. Wewe unasema umechoka lakini si kufa. Kuna kitu kimoja kati ya viwili hakisemi kweli, mwili au saa, na mimi kwa uzoefu wangu mwili nauamini zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kubishana hesabu, hesabu kwa mkono. Ukifika pale saa inapopiga kelele, simama. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kwenye kile kibonde kati ya mfupa na mshipa mgumu. Usitumie dole gumba, lina mdundo wake litakuchanganya. Mtu akushikie simu, hesabu sekunde 15, zidisha mara nne. Usihesabu dakika nzima, kwa sababu moyo unaanza kushuka ukishasimama tu, ukimaliza dakika unakuwa umehesabu moyo wa mtu anayepumzika.

Halafu asubuhi nyingine, kabla hujatoka kitandani, kabla ya chai, kabla ya kugombana na mtu, hesabu tena uniletee na hiyo.


FUNDI SAA KABWE

Shikamoo mama. Nakubaliana na nesi, na naomba nigusie saa maana ndiyo ugali wangu.

Hizo saa hazisikii moyo. Zinamulika ule mwanga wa kijani kwenye ngozi, damu ikipita inaunyonya, saa inahesabu mabadiliko. Ukiwa umekaa, zinafanya vizuri sana. Ukikimbia, mkono unarukaruka, saa inacheza, na mara nyingine inashika mdundo wa miguu badala ya mdundo wa moyo. Mtu anayekimbia polepole anapiga hatua 150, 160 kwa dakika. Sasa angalia hiyo 158 yako. Na mlimani watu wengi hukata hatua fupi za harakaharaka, zinalingana kabisa na namba hizo.

Baridi inaongeza tatizo. Mkono ukipoa, damu ya kwenye ngozi inapungua, saa inakosa cha kusoma. Juni na Julai nikifungua banda saa mbili asubuhi nakuta wateja wameshalalamika kwenye simu kwamba saa imeharibika, mchana wakirudi inasoma sawa.

Ipandishe saa juu kidogo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye ule mfupa wa kifundo, ikaze isicheze ila isikate damu. Ndani ya mkono wa trakisuti, igusane na ngozi, isikae juu ya nguo. Na siku ya kuhesabu moyo, mwambie mtu akuhesabie na hatua. Anayetaka kipimo cha uhakika wakati wa kukimbia kuna mkanda wa kufunga kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe, lakini bei imechangamka.


MWALIMU WA JIOGRAFIA UYOLE

Kuhusu binti wa Dar. Jiji la Mbeya lipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Dar ipo baharini. Kwa mwinuko huu mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ufukweni na moyo unaongeza safari kufidia. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Songwe leo na kukimbia kesho atauona moyo wake ukienda mbio zaidi kwa mwendo uleule. Akikaa wiki kadhaa mwili unazoea kiasi.

Lakini usisahau Dar nako kuna joto na unyevu. Mwili ukihangaika kujipoza, damu inapelekwa kwenye ngozi na mapigo yanapanda vilevile. Kwa hiyo kulinganisha saa ya Isanga saa kumi na mbili asubuhi na saa ya Dar jioni hakukupi jibu. Ongeza na umri, binti wa ishirini na kitu ana nafasi kubwa zaidi ya kupanda kuliko mama yake.

Halafu yeye anakimbia tambarare. Mlete apande na wewe.


MAMA PARACHICHI NJOMBE

Jamani na mimi mnisaidie humu humu. Nina miaka 58, natumia atenolol ya presha. Mimi shida yangu kinyume na ya huyu dada. Nikitembea haraka, jasho linatoka, kuhema nahema, lakini nikihesabu mapigo hayapiti 100. Kwa hizo hesabu zenu naonekana kama nimelala. Mwanangu ananiambia nikaze mpaka nifike 120. Nikikaza nasikia kizunguzungu.


NESI MSTAAFU KIHESA

Mama Parachichi, usikaze. Sikia vizuri na mwanao asome.

Atenolol, na ndugu zake kama propranolol, bisoprolol na carvedilol, kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usikimbie. Ukiwa unaimeza, hesabu zote nilizoandika hapo juu si zako, ya Gulati, ya Tanaka, ya kocha, zote. Moyo wako umefungwa breki kwa makusudi ya daktari. Ukilazimisha 120 unapigana na dawa yako mwenyewe, na kizunguzungu hicho ndiyo majibu yake. Na tafadhali, usiache dawa ili namba ipande. Dawa za kundi hili zikikatwa ghafla moyo unaweza kurudi kwa kishindo, presha ikaruka, kifua kikabana. Mwambie daktari wako habari ya kizunguzungu, inawezekana dozi inahitaji kuangaliwa.

Wewe tumia mdomo. Ukitembea na unaweza kuongea sentensi nzima ila kuimba huwezi, hayo ndiyo mazoezi ya kawaida, yanatosha. Ukibaki na maneno mawili matatu unavuta pumzi, hayo ni mazito. Ukishindwa kabisa kusema, umepitiliza. Kipimo hiki hakina dawa inayokidanganya, na hata wenye mimba ndicho wanachoshauriwa, maana mimba peke yake inapandisha mapigo kwa kumi hadi ishirini mtu akiwa amekaa tu. Kuna dada kaniuliza pembeni yuko miezi mitano, jibu lako ndilo hilo, na mweleze mkunga kliniki kwamba unatembea.


KOCHA MCHAKAMCHAKA

Sasa nesi ukisema kila mtu atumie mdomo, mimi naongoza watu thelathini mchakamchaka, nitajuaje nani kapitiliza? Namba inasaidia nidhamu. Halafu akina mama wakiambiwa kama unaweza kuongea uko sawa, hawatanyamaza hata dakika moja.


MAMA MITUMBA MWANJELWA

Kocha, hata ukituambia tunyamaze hatunyamazi.

Wadau nimerudi na majibu. Jumamosi tulipanda, saa ikaanza kelele zake, nikasimama mbele ya kiosk ambacho hata hakijafunguliwa. Shoga kashika simu, mimi vidole viwili kama nesi alivyoelekeza. Mara ya kwanza sikuupata mshipa, nikawa nabonyeza mfupa, shoga anacheka. Tukashuka kidogo, tukapanda tena. Safari hii niliupata haraka: 33 kwa sekunde 15. Mara nne ni 132. Saa wakati huohuo inaandika 157! Na hatua, aliyenihesabia nikiwa napanda alipata 39 kwa sekunde 15. Wenye kikokotoo fanyeni wenyewe.

Kwa hiyo kijana wa Kabwe, umeua. Saa ilikuwa inahesabu raba zangu.

Nilihesabu tena baada ya dakika moja nikiwa nimesimama, nikapata 27, yaani 108. Na pale juu kuongea nilikuwa naongea kwa kukata, "ngoja", "shika simu", "bado". Asubuhi kitandani nimepata 18, ni 72.

Naomba tafsiri, nesi. Shikamoo na kuku.


NESI MSTAAFU KIHESA

Marahaba, kuku nao wanaitikia.

Majibu yako mazuri na yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, kitu ambacho saa yako ilishindwa. Sasa nikuoneshe njia ninayoipenda kuliko ya asilimia tupu, kwa sababu inaangalia na moyo wako unapopumzika. Ni ya mtafiti wa Finland anaitwa Karvonen, mwaka 1957. Chukua kilele chako, 165, toa mapigo ya kitandani, 72. Zinabaki 93. Hiyo ndiyo akiba yako, nafasi ambayo moyo unayo ya kupanda. Mazoezi ya kawaida yanatumia asilimia 40 hadi karibu 60 ya akiba, mazito yanaanzia 60. Asilimia 40 ya 93 ni 37, ukirudishia 72 ni 109. Asilimia 60 ni 56, ukirudishia 72 ni 128.

Kwa hiyo kwa njia hii, tambarare, pale kwenye umbea, 118 au 121 uko katikati ya mazoezi ya kawaida. Mlimani 132 umeingia mazito, kidogo tu, na maneno yako ya kukatakata yanasema hivyohivyo. Hujapitiliza kitu. Kilima hicho usikiogope, panda, ukisikia maneno yameisha kabisa tembea mpaka yarudi.

Ile ya dakika moja nimeifurahia zaidi. Kutoka 132 hadi 108, umeshuka mapigo 24. Moyo unaoshuka upesi baada ya kazi ni moyo wenye afya. Madaktari hutia shaka mtu akishuka 12 au pungufu kwa dakika ya kwanza baada ya kipimo cha mashine. Wewe uko mbali na huko. Kama ukiendelea hivi, hiyo 72 ya kitandani nayo itashuka taratibu, na ikishuka fanya hesabu upya, akiba itakuwa imeongezeka.

Na jambo jingine, moyo wetu wanawake kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mwanamume, unatoa damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo ukitulia unapiga mara nyingi kidogo kuliko wake. Ndiyo maana usijilinganishe na mume wako kitandani akikuambia yeye ana 62. Na kwa wanaoendelea kuona siku zao, zile wiki mbili kabla ya hedhi mapigo ya asubuhi hupanda kidogo, mawili matatu au zaidi. Si ugonjwa. Pima siku zinazofanana kila mwezi.

Ila 72 ikianza kuwa 90 na 95 bila sababu, hapo usinunue saa nyingine, nenda hospitali upime. Kwa umri wako wewe, siku zikianza kuvurugika na damu kutoka nyingi, cha kwanza ninachouliza ni kipimo cha wingi wa damu mwilini. Mwenye upungufu wa damu moyo wake unakimbia hata kwa kupanda ngazi tatu, na mazoezi hayamtibu hilo. Cha pili tezi ya shingo. Sisi wa nyanda za juu kusini tunajua rovu, ule uvimbe wa shingoni, tumezikuta bibi zetu nazo kabla chumvi ya madini joto haijaenea. Si kila rovu linakimbiza moyo, lakini tezi inayofanya kazi kupita kiasi inaukimbiza hata mtu akiwa amelala, na anakonda huku anakula. Kingine ni kule kukoma hedhi kwenyewe, joto la ghafla usiku na moyo kudunda. Huo mdundo mara nyingi hauna hatari, lakini aseme daktari, si jirani.

Na hili nalisema kwa kelele: kifua kubana, maumivu kupanda shingoni au taya au kushuka mkononi, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kupiga ovyo usioeleweka, acha papo hapo, kaa chini, watu wakupeleke. Wanawake wengine hata kifua hakiumi. Wanapata kichefuchefu, jasho la baridi, pumzi kukata na uchovu wasiouelewa, wanasema ni gesi. Nimewapokea wengi wa gesi.

Kocha, watu wako thelathini. Usiwape namba moja. Waulize wakiwa wanakimbia kitu kinachohitaji sentensi, mtoto wako anasoma wapi, jana mlikula nini. Asiyeweza kujibu mwondoe mstari wa mbele, mwache atembee. Wanaotumia dawa za presha wakuambie mapema, faragha, si kwenye WhatsApp. Nidhamu utaipata tu.


KOCHA MCHAKAMCHAKA

Sawa mama, hilo la kuuliza swali naweza. Ila kwa wale wanaotaka namba, mwanamke wa miaka 38 nimwambie ngapi? Na wa 25?


NESI MSTAAFU KIHESA

Miaka 38 mara 0.88 ni 33 na kidogo, kwa hiyo kilele karibu 173, mazito yake kwa asilimia tupu ni kati ya 121 na 147. Wa 25 kwa kikokotoo hiki usimng'ang'anize, wanawake wa Chicago walianzia miaka 35, chini ya hapo ni kubahatisha. Mpe ya Tanaka, atapata karibu 190. Na wote waambie ni makadirio.


MAMA PARACHICHI NJOMBE

Asante nesi, mwanangu kasoma kanyamaza. Swali la mwisho. Mimi klabu sina, huku kwetu ukionekana unakimbia asubuhi wanauliza nani kafariki. Kupalilia parachichi kwenye mteremko na kubeba ndoo kunahesabika?


NESI MSTAAFU KIHESA

Kunahesabika vizuri sana. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 wanasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kawaida, au 75 hadi 150 za mazito, na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Hawakusema lazima uvae trakisuti. Jembe likikuhemesha kiasi cha kuongea bila kuimba, dakika zinaandikwa. Ndoo ni misuli. Ila ile kazi ya kuinama unachambua mboga ukiwa umekaa kwenye kigoda usinihesabie.


MAMA MITUMBA MWANJELWA

Nashukuru wote. Fundi wa Kabwe, saa nimeipandisha na kuikaza kama ulivyosema, leo mlimani imesoma 134 nikaipenda tena. Lakini bado inaandika nyekundu. Nyekundu ya nini sasa?


FUNDI SAA KABWE

Kiwandani imewekwa 220 toa umri mama, halafu rangi zinagawanywa kutoka hapo. Kabla ya yote kagua umri uliomo, kama binti aliiwasha Dar kwa simu yake inawezekana kaweka wake au kaacha ule iliyokuja nao. Ingia kwenye programu ya simu, sehemu ya wasifu, weka mwaka wako wa kuzaliwa. Kisha mipangilio ya mazoezi, kilele cha mapigo, badilisha kwa mkono uandike 165. Mtetemo wa onyo unawekwa peke yake, uweke 145 au uzime kabisa. Saa nyingine za bei ya chini hazina sehemu ya kubadilisha, kama yako haina pita nayo bandani niangalie, nipo kuanzia saa mbili.